Kamba Aliyoiacha Kinyozi

Pale kambini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kinyozi, basi. Jina hilo alipewa na wapasuaji mbao siku walipomwona kwa mara ya kwanza akiuzunguka mti mkubwa na panga lake fupi, akiuondolea kamba za msituni moja baada ya nyingine, mpaka shina likabaki tupu, safi, kama kichwa cha bwana harusi. Mmoja akasema huyu mama ananyoa. Wakacheka, naye akacheka nao, jina likaganda. Hata binti yake wa kumzaa, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo.

Kama hujawahi kuingia kwenye msitu uliochezewa, ngoja nikueleze, maana watu wengi wakisikia msitu wanadhani miti imetulia zake inaota tu. Inaota wapi! Msitu ule ulishavunwa zamani, ukaja ukavunwa tena, na kila mti mkubwa ulipolala ulifungua dirisha huko juu, jua likamwagika mpaka chini. Sasa kwenye jua hilo nani anawahi? Si mti. Mti unajenga shina kwanza, na shina si kazi ya leo na kesho. Kamba haijengi kitu. Inapanda mgongoni mwa mwenzake, ikifika juu inajitandaza, inamfunika aliyeibeba, inalila jua lote peke yake, na huku chini ya ardhi mizizi yake inamnyang'anya maji. Mti wenye mzigo huo haunenepi, hauzai mbegu, na upepo ukija kilele kinavunjika. Mche mdogo ndiyo usiseme, hauinui kichwa kabisa. Unakuta eneo zima, lililokuwa na miti ya kukumbatiwa na watu wakishikana mikono, limebaki rundo la kamba zilizolaliana, na ndani yake vijiti vimepinda migongo. Ukisimama pale moyo lazima ukuume, labda uwe huna moyo.

Kazi ya Kinyozi ilikuwa kuingia katikati ya ugomvi huo na kuupa mti nafasi. Na kazi hiyo ina adabu zake. Kamba haikatwi pigo moja. Unakata juu, pale mkono unapofika, kisha unakata chini, unatoa kipande cha katikati, ili mwisho wa juu usitafutane na mwisho wa chini. Halafu huvuti. Anayevuta kamba anajiangushia tawi bovu kichwani mwenyewe. Unaiacha inaning'inia, inyeshewe, inyauke, ioze, idondoke kwa wakati wake. Na kama mti wenyewe ni wa kuangushwa, hapo ndipo subira inapotakiwa zaidi, kwa sababu kamba ikiwa bado mbichi imeshafunga kilele cha mti huu na kilele cha jirani yake. Ukiuangusha mmoja unaweza kuvuta na wa pili. Kwa hiyo ulikatwa kamba kabla ya mvua, ukasubiriwa mvua ziishe, majani ya juu yakauke kabisa. Hapo Kinyozi alirudi, akainua kichwa, akachunguza, akaridhika, akaupiga mti kwa ubapa wa panga na kusema neno moja tu, "Huru." Bila neno hilo hakuna msumeno uliowashwa.

Aliyekuwa akilisubiri neno hilo na msumeno wake wa mashine mkononi alikuwa mumewe. Huyu naye walimwita Taratibu. Alikula taratibu, alitembea taratibu, hata kukasirika alikasirika taratibu. Ungemtukana asubuhi akaja kununa jioni. Halafu alikuwa mfupi. Mkewe alimzidi karibu kichwa kizima, na wapasuaji hawakuchoka kumtania kwamba akitaka kumnong'oneza mama lazima atafute kisiki apande. Yeye alijibu kwamba mtu mfupi hapigwi na matawi. Wote walicheka. Baadaye hakuna aliyethubutu kuurudia utani ule.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, vyumba viwili mwishoni mwa safu ya kambi, inanuka mafuta ya mashine na maranda hata uipige deki vipi. Kando ya mlango kulikuwa na misumari miwili, mmoja wa kofia ngumu ya Taratibu, wa pili wa panga la Kinyozi. Jioni waliketi barazani, mume ananoa meno ya msumeno, mke ananoa panga, tupa zao zikiitikiana, na pengine chai ikapoa kabla mmoja wao hajatamka kitu. Binti yao, aliyekuwa akijifunza ushonaji mjini, alikuwa akisema kwamba wazazi wake hawaongei, wanakwaruzana. Lakini alisema hivyo akicheka, kwa sababu alijua amezaliwa kwenye nyumba yenye amani, na nyumba za namna hiyo hazijajaa sana duniani.

Sasa kuna hii kamba ya maji. Ilikuwa njiani, mahali kilipoanzia kitalu chao, kipande cha msitu walichopangiwa kuvuna, imepanda mti mrefu uliozeeka. Ilikuwa nene kama paja la mtu mzima, na ukikata tawi lake moja juu na chini kwa haraka, kile kipande kilikupa maji baridi, meupe, kuliko ya mtungini. Kila jioni wakirudi kutoka kazini walisimama pale. Kinyozi alikata tawi, akanywa kwanza, kwa sababu mkataji ndiye mwenye haki. Kisha alisogea pembeni, akakishusha kile kipande kidogo mpaka usawa wa mdomo wa mumewe, naye Taratibu akanywa amefumba macho, maji yakimshuka kidevuni. Huo ndio ulikuwa mwisho wa siku yao ya kazi. Hawakuwahi kuuruka.

Kila msimu wa kunyoa ulipofika, Kinyozi aliizunguka kamba ile akiipima kwa macho, akatangaza kwamba leo ndiyo leo, anaiondoa. Na kila mara Taratibu aliuweka msumeno chini akaanza kubembeleza. Aliiita mke wake mdogo. Alisema mwanamume wa umri wake hawezi kuachishwa mke kwa panga. Kinyozi alimjibu kwamba anamjua mke mwenza anavyofanywa, asimfundishe, lakini panga lilirudi kiunoni. Alimpenda yule mtu, ndiyo hivyo. Kuna wanaowapikia waume zao wakawapambia sahani. Yeye, ambaye mikono yake ilijua kukata tu, zawadi aliyokuwa nayo ni kuiacha kamba moja bila kuikata.

Hatua chache kutoka pale ulisimama mti mwingine, mkubwa, mnyoofu, na mwaka mmoja ukatiwa alama ya kuangushwa. Kamba zake zote Kinyozi alizikata kabla ya mvua, kama ilivyo desturi, na mvua zilipokwisha zilikuwa zimekauka zote. Zake, nasema. Ile kamba ya maji haikuwa yake. Ilikuwa kwenye mti wa jirani, ila huko juu ilikuwa imevuka, ikaweka mkono mmoja kwenye kilele cha huu mkubwa.

Kinyozi aliiona. Naomba hili lieleweke, maana kuna waliokuja kumtetea baadaye, kisa kilipojulikana, wakasema hakuiona. Aliiona. Alisimama pale ameinua kichwa mpaka shingo ikauma, akaona ule mkono wa kijani ukipita katikati ya vilele viwili, na majani yake mabichi. Akajua kanuni inasema nini. Lakini kuikata kulikuwa ni kumwua mke mdogo, na kusubiri mvua nyingine nzima. Akajiambia imeshika kidogo tu. Akajiambia uzito wa mti ule utaikata kama uzi. Akajiambia jioni mumewe atataka maji. Kisha akaupiga mti kwa ubapa wa panga.

"Huru," akasema.

Taratibu naye alikuwa na lake. Upande ambao mti ule ulikuwa umeegemea palikuwa na mche wa aina ile ile, mwembamba, urefu wa mtoto, na miche ya aina hiyo ilikuwa imeanza kuwa ya kutafuta kwa tochi. Hakutaka kuuponda. Akamwambia mkewe kwamba ataulaza mti upande wa bondeni, ni kazi zaidi lakini mche utapona. Ukiulaza mti bondeni, njia yako ya kukimbilia ni nyuma, na nyuma ndipo ulipokuwa mti uliobeba kamba ya maji. Hilo halikumsumbua mtu. Alikuwa ameambiwa mti uko huru.

Siku yenyewe Taratibu alikuwa na mdogo wake, aliyemsaidia miaka yote kubeba mafuta, kabari na panga. Kinyozi alikuwa kitalu cha pili, ng'ambo ya kijito, na panga lake. Aliusikia msumeno ukinguruma, ukanyamaza, zikafuata nyundo za kabari, kisha mti ukaanza kulia. Mti ukianguka unatoa sauti moja ndefu, halafu kimya. Siku hiyo, kabla ya kimya, ikaja sauti ya pili, fupi, nzito. Kinyozi alikuwa amesikia miti mingi ikianguka maishani mwake kuliko alivyosikia nyimbo. Akalitupa panga chini, jambo ambalo mkata kamba hafanyi, akakimbia.

Kuvuka kijito na kupanda mlima wa ng'ambo kulimchukua muda. Alipofika, Taratibu alikuwa amelala chini ya tawi kubwa bovu lililong'olewa kutoka mti wa nyuma, na roho ilikuwa imeshatoka. Uso wake haukuwa na alama. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti kando, shati limelowa chapachapa, amekumbatia kofia yake ngumu iliyogeuzwa kama bakuli. Kinyozi aliiona kofia ile na ule unyevu, lakini wakati huo mtu anaona vitu bila kuvielewa. Alimwinua mumewe kichwa akakiweka mapajani. Akamfuta vumbi kwenye nyusi. Akamwita taratibu, si jina, ila kwa sauti ya taratibu, kama anayemwamsha mtu asimshtue.

Msimamizi alikuja, akatazama, akasema tawi bovu limetikiswa na kishindo, ajali ya kazi. Watu wote wakasema hivyo hivyo. Walizika, walimpa pole, wakamwambia apige moyo konde, na kila aliyekuja alimkuta ameketi wima akiitikia. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Hata hakuna aliyemuuliza.

Kabla ya kurudi kazini alikwenda kule peke yake. Alitaka kuiona ile kamba kwa macho yake, ajue kama ndiyo iliyovuta. Hakuikuta. Juu ya mti wa nyuma hapakuwa na kitu. Akaenda kwenye shina la ule mti wa nyuma, akainama, na pale chini, karibu na udongo, akakuta kisiki cha kamba ya maji. Kilikuwa kimekatwa pigo moja, la mshazari, la mtu mwenye haraka. Hapakuwa na pigo la pili juu. Kamba yenyewe ilikuwa imeburutwa ikatupwa kichakani, na mwisho wake wa juu ulikuwa umeraruka, umeng'ang'ania kipande cha gome la tawi bovu.

Hapo akakaa chini. Yeye hakati hivyo. Wapasuaji hawakuwa wamefika. Mtu aliyekuwa na panga mahali pale alikuwa mmoja tu, naye ni shemeji yake. Kwa hiyo shemeji alijua kilichomwua kaka yake, na aliificha. Sasa kama shemeji alijua, je, na marehemu mwenyewe? Alipokuwa amelala pale chini, akiangalia juu, aliiona? Alikufa akijua kwamba ni mke wake, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyemwambia mti uko huru? Swali hilo lilimkaa kwenye koo kama mwiba, na kutoka siku hiyo hakuna maji yaliyolishusha.

Hakumwuliza shemeji. Ungeuliza wewe? Angeulizaje, na jibu likija angelikimbilia wapi? Alimwambia msimamizi kwamba atanyoa miti popote atakapotumwa isipokuwa kitalu kile, na msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali. Miaka ikaenda. Shemeji hakumtupa. Alimletea kuni, alimzibia bati lilipovuja, alimnolea panga alipoumwa mikono. Ila hakumtazama usoni hata mara moja. Aliongea na ukuta, aliongea na kuni, akaaga huku ameshageuka. Kinyozi alidhani anajua sababu, na hakumlaumu. Ungemtazamaje usoni mtu aliyekuulia kaka yako?

Binti, ambaye sasa alikuwa fundi cherehani kamili mwenye chumba chake juu ya barabara, alimbembeleza mama yake ahamie mjini. Akaenda. Alikaa karibu na dirisha akimsaidia kukata nyuzi zilizobaki kwenye pindo, na binti akagundua kwamba mama anakata kila uzi mara mbili, juu na chini. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawahadithia wateja. Mama naye akacheka. Kisha akaenda uani, akakaa huko muda mrefu. Hakumaliza msimu. Alimwambia binti yake kwamba mji ni mzuri, shida ni kwamba yeye ni Kinyozi, na pale hakuna cha kunyoa. Binti akamfungia nguo zake, akimwambia kwamba baba angekuwepo angemsaidia kumshawishi.

Basi alasiri moja, mvua zikiwa zimeanza kunukia, shemeji alikuja barazani bila kuni. Alikaa kwenye kigoda cha kaka yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza kusema na sakafu. Alisema ule mche wa kaka ulipona. Umekuwa mti sasa, umemzidi mtu urefu mara nyingi, na pale mahali palipobaki wazi ni wenyewe tu uliofanikiwa kutoka, mingine yote imelaliwa. Lakini kile kisiki cha kamba ya maji kilichipua. Imerudi, imeupanda mti, imefika kileleni na kilele kimeanza kuinama. Mvua hizi zikija na upepo, mti hauponi.

Kinyozi aliendelea kunoa panga. Akamwambia aikate yeye.

"Nimekwenda na panga, shemeji. Si mara moja. Nashindwa."

Tupa ikasimama.

"Mbona mara ya kwanza hukushindwa?"

Shemeji aliinua kichwa. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza macho yao yakakutana.

"Pigo moja, chini, la mshazari," Kinyozi akasema. "Nilikiona kisiki kabla hata arobaini haijaisha. Sikuulizi kwa nini ulikata. Nakuuliza kitu kimoja, na usinifiche. Alijua?"

Shemeji akarudisha macho sakafuni.

"Alijua," akasema. "Pale alipolala alikuwa anaitazama. Mimi nilishika lile tawi nilisogeze, akanizuia. Akaniambia, kaikate ile, uitupe mbali, Kinyozi asiione. Nikamwambia ngoja kwanza nikutoe. Akasema hapana, anza na kamba, upesi, anakuja. Nikaenda. Nilipoipiga, maji yakaruka yakanilowesha mwili mzima. Nikakinga kwenye kofia, nikasema walau atakunywa. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Nilimwacha peke yake, shemeji. Kaka yangu alikufa peke yake, mimi nahangaika na kamba. Ndiyo maana sikuweza kukutazama."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke huyu alikuwa amejiandaa miaka kusikia kwamba mumewe alikufa na hasira. Angeibeba hasira, alikuwa ameshaizoea kabla hajapewa. Sasa anaambiwa kwamba yule mtu wa taratibu, asiyewahi kuharakishwa na mvua, wala njaa, wala msimamizi, mara moja tu katika maisha yake alikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa ya kumfichia mkewe kosa lake. Alitumia pumzi zake za mwisho kwa hilo. Na hata hilo halikufaa kitu, kwa sababu yeye alikwenda akakiona kisiki. Kinyozi aliweka panga chini, akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Jirani alitoka mlangoni kwake akatazama, akarudi ndani. Shemeji alikaa pale pale kwenye kigoda, naye akilia, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa nguo, akachukua panga. Akamwambia shemeji waende, jua lisije likawachwea njiani.

Hakuwa amekanyaga pale tangu siku alipokiona kisiki, lakini miguu ilijua kona zote. Palipokuwa na vilele viwili sasa palikuwa na uwazi mkubwa, na uwazi wote umejazwa kamba, zimepandana, zimeviringana, huwezi kujua hii inaanzia wapi na ile inaishia wapi. Gogo la ule mti wa nyuma, uliovunjika kichwa miaka iliyofuata, limefunikwa lote. Katikati ya vurugu hiyo ulisimama mti wa Taratibu. Ulikuwa mwembamba kuliko inavyopasa kwa urefu wake, kama mtu aliyekulia kwenye shida, na kamba ya maji imeuzunguka kutoka chini mpaka juu, imenenepa kuushinda, majani yake yananawiri. Kilele kimeinama kweli. Shemeji hakuwa ametia chumvi.

Kinyozi aliuzunguka mti. Akaishika kamba kwa kiganja, ilikuwa ya baridi, imejaa. Alibaki ameishika hivyo, na shemeji aliyesimama nyuma yake alidhani naye atashindwa. Kumbuka kwamba hiki ndicho kitu pekee kilichobaki cha zile jioni. Nyumbani kulikuwa na kofia kwenye msumari na msumeno uliokauka mafuta, lakini kofia na msumeno vilikuwa vya kazi. Kamba hii ilikuwa yao wawili. Na mti huu ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Taratibu, aliyeulaza mti mwingine bondeni ili huu upone, na gharama yake alikwisha kuilipa. Vyote viwili visingeweza kuishi. Ukitaka kumwonea mtu huruma, mwonee pale, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye panga.

"Mke mdogo," akasema, kwa sauti ya chini. "Mwenzako nimekuachia mara moja. Unaona tulikofika."

Akanyoosha mkono akakata juu. Kisha akainama akakata chini, pigo safi, la kunyooka. Kamba ya juu ikabaki inaning'inia, na hakuivuta. Mti ulitikisika kidogo, basi. Mwaka mzima ungepita kabla ya kuonekana kama umepona kweli.

Kipande cha katikati kilibaki mikononi mwake, kizito, na maji yakaanza kutoka. Alikiinua akanywa. Yalikuwa baridi kama zamani, hayakubadilika ladha. Kisha, bila kufikiri, kwa mazoea tu ya miaka yote ile, akasogea pembeni kumpisha mtu, akakishusha kile kipande kidogo, mpaka usawa wa mdomo wa mtu mfupi, akasubiri.

Shemeji alikuwa na kiu, lakini hakusogea. Kinyozi alikishika vile vile, na maji yakamwagika kwenye majani makavu mpaka yakaisha.